Besi Iliyoziba

Jumatatu, 14 Juni 1993. Lyamkena, Makambako.

Nimeamka pua zote mbili zimeziba. Kifua kizito kama gunia la viazi lililolowa mvua. Masikio nayo! Jogoo amewika chini ya dirisha nikadhani yuko Njombe mjini.

Mwaka mwingine wowote ningelala. Mwaka huu hapana. Jumamosi kwaya ya usharika wetu inakwenda Kidugala kurekodi kaseti. Kaseti! Siku hizi kila mtu ameruhusiwa kuuza kila kitu, na sisi tutauzwa pale stendi pamoja na makoti ya mitumba. Katika wimbo wetu wa Nuhu kuna mistari mitatu ya besi peke yake, bila mtu wa kuisindikiza. Ni sauti ya Mungu ikimwamuru Nuhu aingie safinani. Nimeiimba mimi kwa miaka kumi na mmoja. Nilipokuwa karani wa ghala la pareto niliiimba. Ghala lilipofungwa, sisi makarani tukarudishwa nyumbani, nikaendelea kuiimba. Sina cheo kingine kilichobaki.

Methodi, fundi cherehani wa sokoni, besi wa pili, anaitaka mistari hiyo. Habari njema: naye ana mafua. Mwalimu wa kwaya, Mama Feliciana, ametangaza kwamba Ijumaa jioni atatusikiliza wote wawili. Ambaye kifua chake kitakuwa kimefunguka ndiye atakayeingia kwenye kaseti.

Mke wangu Dorika anasema dawa ni rahisi. Nijifukize kwa majani, ninywe vitu vya moto, nisukutue kwa maji ya chumvi, nisitoke kwenye upepo, na ninyamaze siku mbili. Hasa ninyamaze. Hilo amelirudia. Ushauri wa kawaida mno! Sijawahi kumwona mtu aliyeshinda kitu kwa kunyamaza.

Jumanne, 15 Juni.

Nimekwenda kwa Bi Rukaiya, muuza viungo. Ameniambia nichemshe tangawizi iliyopondwa, nikamulie ndimu, nitie asali. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nimemwuliza kama Methodi amekwisha kupita. Amesema bado.

Hapo akili yangu ikaamka. Ndimu hazizai katika baridi yetu. Hupandishwa na malori kutoka Usangu, mara moja kwa wiki. Nikanunua zote. Kikapu kizima! Na tangawizi yote. Bi Rukaiya akaniuliza, "Mzee Yoramu, unaoza binti?" Nikamjibu kwamba ni shughuli ya kanisa. Si uongo.

Kikombe kimoja ni cha mtu asiye na haraka. Nimekunywa vinane. Tumbo sasa linaunguruma besi safi kabisa. Mimi mwenyewe natoa sauti ya mbuzi. Lakini ni mbuzi mwenye nguvu. Dalili njema.

Jioni. Nimekuta kikapu kimepungua nusu. Dorika amewagawia majirani, eti ndimu zitaoza. Nimemwuliza majirani gani. Wa kwanza kumtaja ni shangazi yake Methodi.

Jumatano, 16 Juni.

Nimechungulia uani kwa shangazi huyo. Methodi alikuwa amejifunika shuka, anajifukiza kwa majani ya mkaratusi. Sufuria ndogo, majani machache. Masikini!

Mimi nimeazima sufuria ya misiba, ile inayopikia watu mia. Nimejaza majani ya mkaratusi, vitunguu saumu na, kwa ubunifu wangu mwenyewe, kiganja kizima cha pilipili. Nikaingia chini ya blanketi. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Dorika anasema nilitoka mbio na blanketi kichwani, nikaligonga banda la kuku, nikaomba msamaha kwa banda.

Lakini pua zilifunguka! Zote mbili! Nilisikia harufu ya ng'ombe wa jirani wa tatu. Sijapata kufurahia mavi ya ng'ombe kiasi hicho. Nikatoka hivyo hivyo na fulana yangu iliyolowa jasho, nikasimama barabarani, nikaimba mstari wa kwanza wa Nuhu ili Methodi asikie na akate tamaa.

Nilimaliza mstari. Upepo wa Makambako ukamaliza kazi iliyobaki. Kufika jikoni pua zimefungwa tena, na safari hii wamebadilisha kufuli.

Dorika amenionyesha banda la kuku na nyundo.

Alhamisi, 17 Juni.

Hila ya leo ni ya hali ya juu. Alfajiri nimemwandikia Methodi barua ya kindugu. Nimemweleza kwamba yuko mzee mmoja Iwawa, kule Makete kwenye baridi inayogandisha maji, anaitwa Lameki, fundi wa vifua, aliyewaponya hata wahubiri. Masharti yake: mgonjwa asitamke neno hata moja hadi Ijumaa jioni, asitoke kwenye upepo, ajifukize kwa majani matupu, asukutue kwa maji ya chumvi, anywe vya moto. Yaani ushauri wa Dorika, ule nilioutupa. Lameki nimembuni mimi.

Ubora wa hila ni huu. Methodi ni fundi cherehani. Kazi yake nusu ni kushona, nusu ni kusema. Hawezi kunyamaza hata wakati wa mahubiri. Atasahau, atazungumza, atajua amevunja masharti, na moyo utamvunjika kabla ya Ijumaa.

Saa sita nimepita dukani kwake. Limefungwa! Mwenye kibanda cha pili amesema Methodi yuko nyumbani na skafu shingoni, na ukibisha hodi anakuandikia jibu kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Salamu tu, "Kamwene", amekwisha kuiandika mara thelathini.

Jibu la barua nimelikuta limebanwa mlangoni kwangu. "Ahsante sana kaka. Sikutegemea. Mungu akukumbuke." Nimejisikia vibaya. Imepita baada ya chai.

Mchana Hamis, dereva wa lori litakalotupeleka Kidugala, amenipa marhamu yake ya safari za usiku. Amenionya nipake kidogo tu kifuani. Nimepaka kifuani, mgongoni, puani, na nyuma ya masikio. Kisha nikajifuta machozi kwa mkono uleule. Nimefanya mazoezi ya sauti nyuma ya stesheni kwa saa tatu nikiwa nimefumba macho. Watu waliokuwa wakisubiri treni walidhani naombea safari yao. Mmoja aliitikia amina.

Ijumaa, 18 Juni.

Kanisani saa kumi na moja. Kwaya nzima imekaa. Mama Feliciana akasema tusipoteze muda.

Methodi akaanza. Alikuwa hajasema neno kwa siku mbili, na maneno yote ya siku mbili yalitoka katika "Nuhu". Vioo vya madirisha vilitetemeka. Beatrisi, soprano wa kwanza, ambaye hajawahi kumsifu mwanamume, alisema "Mh!"

Zamu yangu. Nikavuta pumzi kwa mdomo, maana pua zilikuwa likizo. Nikafungua kinywa. Ikatoka filimbi. Nyembamba, ndefu, kama birika linalomwita mwenyewe jikoni. Nikajaribu tena. Ikatoka hewa tu.

Nilitazama sakafu. Miaka kumi na mmoja. Mama Feliciana akaniambia kwa upole kwamba kaseti haisubiri, Mzee Yoramu, na mistari ni ya Methodi.

Ndipo Methodi akasimama. Akasema asipoeleza hili dhambi itamkaa. Aliyemponya ni Yoramu. Yoramu alikuwa na dawa ya Mzee Lameki wa Iwawa, akamwandikia mpinzani wake dawa yote bila kuficha hata sharti moja, na yeye mwenyewe akabaki mgonjwa. Akashindwa kuendelea. Akalia! Waimbaji wakapiga makofi. Wengine wakafuta macho. Dorika, aliyekaa nyuma na akina mama, alinitazama mimi, macho makavu kabisa.

Mama Feliciana akasema mtu kama huyo hawezi kuachwa nyumbani. Katika wimbo wetu mlango wa safina unafungwa. Amenipa mimi niupige: mapigo matatu juu ya benchi, kwa nyundo. Mapigo ya besi, bila shaka.

Jumamosi, 19 Juni. Kidugala.

Tumerekodi. Methodi aliimba vizuri. Naandika hivyo kwa sababu hapa hasomi mtu.

Mapigo yangu matatu yalikuwa kamili. Lakini nilikuwa na mpango mdogo: baada ya pigo la tatu, katika kimya kile, niingize "Amina" moja ya besi, fupi, isiyomdhuru mtu. Nikaingiza. Kifua kikaingilia kati. Kilichotoka kilikuwa kikohozi kirefu chenye mkia.

Fundi mitambo akasimamisha mashine, akaturudishia sehemu hiyo, akauliza ni mnyama gani huyo. Mama Feliciana alifikiri kidogo. Akasema aachwe, ndani ya safina walikuwamo wengi.

Nimo kwenye kaseti! Peke yangu, bila mtu wa kunisindikiza!

Jumatatu, 21 Juni.

Jana sauti ilikauka kabisa, nikalala kutwa bila kusema, Dorika akinifukiza kwa majani matupu na kuninywesha vya moto. Leo nimeamka mzima. Pua wazi, masikio wazi, kifua chepesi. Ni wazi kwamba dawa zangu zote za wiki nzima zilikuwa zikifanya kazi taratibu.

Tangu asubuhi wamekuja watu wanne kumwulizia Mzee Lameki. Beatrisi ana masikio yaliyoziba, anataka kujua nyumba yake iko upande gani wa Iwawa. Dorika amesema huu ndio wakati wa kusema kweli. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Masharti yalimponya Methodi. Dawa inayoponya lazima iwe na mwenyewe. Kwa hiyo Lameki yupo. Mimi nilitangulia tu kumtaja kabla ya kufahamiana naye.

Krismasi tutarekodi kaseti ya pili. Nimekwisha kuzungumza na Hamis; kesho anapanda Makete kuchukua viazi. Nitashuka Iwawa, nimtafute mzee huyo, nimwombe dawa kali zaidi, ile ambayo bila shaka anaificha. Hamis ameuliza nitamtambuaje. Nimemwambia nitasimama sokoni niite kwa nguvu.

Dorika amenitilia blanketi na skafu mkobani. Nimevitoa. Nitafikaje mbele ya bingwa wa vifua nimejifunika kama mtu asiyemwamini?