Malalamiko Dhidi ya Mita ya Mwanzi

Habibu Ishaka,
Duka la Vitambaa,
Sokoni, Tunduma.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Salaam nyingi, natumaini shule haijambo. Mimi ni baba yake Shamimu wa darasa la tatu, muuza vitambaa hapo sokoni. Mke wangu alinishauri nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Nimesubiri, hazijapoa.

Mwalimu Jenista wa Hisabati amewafundisha watoto kutengeneza zana za kupimia. Kila mmoja amekata mwanzi, akautia alama za sentimita kwa msumari wa moto, kisha akaruhusiwa kwenda nao nyumbani. Hapo ndipo mlipokosea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi napima kitambaa kwa mkono: ncha moja puani, nyingine kwenye kidole, hiyo ni mita. Nimerithi kwa marehemu baba. Ni kweli baba alikuwa mrefu, na mimi nimefuata upande wa mama, lakini mita ya ukoo ni ile ile. Shamimu ameipima, anasema imepungua kiganja kizima.

2. Angesemea nyumbani, ningenyamaza. Kasemea dukani, mbele ya Mama Yunisi, aliyeshuka kutoka Ibaba kununua sare ya kwaya nzima. Mama wa watu hakugombana. Alivuta kigoda, akaketi, akamwomba mtoto apime upya kitambaa chote nilichokwisha kumkatia. Siku hizi wateja hawaulizi bei, wanauliza kama mtoto ametoka shule. Wasipomkuta wanaenda zao, na duka hilo ndilo linalotulisha.

3. Kapima na watu pia. Ukutani sebuleni kuna alama mbili za mkaa, yangu na ya mama yake. Miaka yote nimewaeleza mashemeji kwamba mke wangu anaonekana mrefu kwa sababu ya kilemba. Sasa niwaeleze nini?

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nikinyoosha kitambaa, mwanangu haangalii kitambaa tena. Anaangalia mkono wangu.

Kwa hiyo naomba mianzi yote ikusanywe, iwe kuni za kupikia uji wa shule. Hilo likishindikana, watoto wapimishwe vitu visivyo na mwenyewe, kama umbali wa kwenda mwezini. Na hilo nalo likishindikana, basi Mwalimu Jenista aje apime mkono wangu, na urefu atakaoupata uandikwe kwenye vitabu vya darasa la tatu kuwa ndiyo mita.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, na hata Mwalimu Jenista, kwani yeye binafsi sina ugomvi naye.

Ni mimi, mzazi mwenye mkono timamu,
Habibu Ishaka

Nyongeza: Alhamisi napokea majora mapya kutoka ng'ambo ya mpaka. Yule bwana anayeniuzia naye hupima kwa mkono, na nimemwangalia vizuri, ni mfupi kuliko mimi. Naomba Shamimu aruhusiwe kutoka mapema, aje na mwanzi wake. Kigoda nimeshakiandaa. Hizo kuni zisubiri mpaka Ijumaa.