Futi ya Shingoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkutano wa asubuhi: umechukua saa moja na dakika hamsini. Waliohudhuria: kumi na wanne. Waliosema: watatu, yaani Meneja, mtunza stoo, na mimi karani. Ajenda ileile ya tangu Januari: kola za mashati ya shule zinazojikunja zikishafuliwa. Mashati mia mbili na kumi yamerudishwa. Uamuzi: tukutane kesho.

Mwishoni Meneja akasoma barua ya mwenye kiwanda. Anasema mikutano yetu ni ya kupasha viti joto. Anataka kila mtu asikike, na kila mkutano utoke na jambo moja la kufanya. Atakayefanikisha hilo kufikia Ijumaa atakuwa msimamizi wa karakana.

Cheo hicho nimekisubiri miaka tisa. Isitoshe, wiki jana nilimwambia mama mkwe kwamba nimeshakipata. Aliniuliza mbele ya wageni kama bado mimi ni yule anayehesabu vifungo. Ulimi ukateleza. Sasa ananiita Bwana Msimamizi, na majirani wa pande zote mbili wanajua. Mke wangu anaujua ukweli. Ananitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Mtunza stoo naye anakitaka cheo. Tunamwita Kufuli, kwa kuwa hata sindano moja haitoi bila sahihi mbili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata njia. Futi ya fundi, ile ya kuvaa shingoni! Anayeivaa ndiye anayesema, wengine kimya. Itazunguka chumba kizima. Mimi nitaivaa wa mwisho, nifanye majumuisho, nionekane mwenye busara. Meneja ameisifu mbele ya wote. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kadiri.

Kufuli akaivaa wa kwanza. Hakuivua kwa dakika arobaini na saba. Alitueleza habari za uzi mweupe tangu siku alipoajiriwa. Mkataji wa vitambaa alipojaribu kumkatiza, Kufuli alishika ncha mbili za futi kama daktari na kipimo chake, akamwambia, "Mwenzangu, sheria ni sheria. Shingo yako iko tupu."

Lazima nikiri nilistaajabu. Mtego niliuweka mimi, yeye akaugeuza kiti cha enzi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Sheria mpya: futi itaanzia kwa wale ambao hawajawahi kusema. Kufuli amelalamika kwamba huo ni uonevu kwa wasemaji. Meneja amenikubalia mimi.

Asiyewahi kusema kabisa ni dada wa pasi. Miaka kumi na moja yuko pembeni, nyuma ya mvuke wake. Kila shati la kiwanda hiki limepita mikononi mwake. Wakati wa mkutano huendelea na kazi akiwa amesimama, na nilidhani anapenda. Leo nimehesabu viti. Viti kumi na tatu, watu kumi na wanne. Karani wa vifaa ni mimi.

Nimempelekea kiti. Nimempelekea pia karatasi ya kusoma kesho: "Je, ni nani kati yetu anayefaa kutuunganisha?" Hapo mkataji atanitaja, tumeshaongea, nami nitakataa mara moja tu. Dada wa pasi aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Kaka, humu kola ziko wapi?" Nikamwambia asijisumbue na kola, asome kilichoandikwa. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo naandika polepole, nisiache kitu.

Saa mbili na dakika tano dada wa pasi alivaa futi. Hakuketi. Alitoa karatasi yangu. Nikamkonyeza mkataji ajiandae.

Hakuisoma. Aliichana kwa urefu, ikachanika mstari umenyooka kama wa rula. Akaigeuza, akaichana kwa upana, ikaenda upogo. Akaviinua vipande tuvione.

Akasema kitambaa kigumu cha ndani ya kola nacho kina njia yake, kwa jinsi nyuzi zilivyolala. Kikikatwa kwa njia yake, kola inatulia. "Kikikatwa kinyume, mimi nikiipiga pasi inalala. Mama wa mtoto akiifua, inaamka."

Nilisikia maji yakichemka ndani ya pasi. Mkataji akauliza, bila futi, ni lini alianza kukata kinyume. Hakuna aliyemkemea. Dada wa pasi akamjibu kwa upole: tangu ile wiki ya kwanza ya Januari, meza ya kukatia ilipogeuzwa. Zamani jora la kitambaa hicho lilikuwa kichwani mwa meza. Meza ikageuka, jora likabaki palepale ukutani, sasa liko ubavuni. Mkataji anapanga vigezo vyake vya kukatia kufuata ukingo wa meza, kama alivyozoea. "Mikono yako haina kosa, kaka. Meza ndiyo inakudanganya."

Meneja akauliza meza iligeuzwa kwa sababu gani. Dada wa pasi alivua futi, akaniletea.

Ikabidi niseme. Niliigeuza mimi, ili viti vya mkutano vienee, na changu kiwe karibu na Meneja.

Miezi miwili tumekutana kutafuta kinachoharibu kola, na kilichoharibu kola ni kukutana.

Meneja alitaka kujua kwa nini dada wa pasi hakusema mapema. Dada alisema alijaribu mara moja, akaambiwa arudi nyuma, mvuke unalowesha daftari la kumbukumbu. Nimelifungua daftari. Tarehe 14 Januari, kwa mwandiko wangu: "Kelele kutoka upande wa pasi. Zimetulizwa."

Kufuli alivua kofia. Mimi nywele za mikononi zilinisimama, na mpaka sasa hazijalala vizuri. Muda aliotumia dada wa pasi: dakika tatu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Meza imerudishwa ilipokuwa. Waliibeba watu sita, nami nilitoa maelekezo. Kola kumi za majaribio zimefuliwa mara tatu. Zote zimelala.

Dada wa pasi ndiye msimamizi. Mkutano wake wa kwanza: dakika kumi na mbili, wote tumesimama. Waliosema: kumi na wanne. Jambo la kufanya: moja, na mfanyaji ametajwa. Kufuli alisema sentensi mbili akaivua futi mwenyewe. Mtu angeniambia haya wiki iliyopita, ningempima homa.

Nyumbani mama mkwe alinipokea mlangoni pamoja na majirani watatu. Akaniuliza, "Bwana Msimamizi, za kazini?" Nilikusudia kusema kweli. Nikajisikia nikisema kwamba usimamizi nimeshauvuka, sasa mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Mikutano Shirikishi. Majirani wakanipa mkono mmoja mmoja. Mke wangu aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kamati hiyo lazima iwepo kufikia Jumatatu. Nimeshaandika pendekezo, kurasa sita. Wajumbe watano. Itakutana kila asubuhi kabla ya mkutano, kuhakikisha kwamba mkutano unamsikiliza kila mtu. Sijamuuliza mtu bado, nisije nikavunja utamu wake.

Tatizo ni nafasi tu. Leo asubuhi nimerudi kiwandani, nikapima karakana yote kwa futi ileile. Viti vitano vinaenea vizuri kabisa chini ya dirisha, mradi meza ya pasi igeuzwe kidogo.