Dada Yangu, Fundi wa Usingizi

Jumatatu, 3/3/2014
Base Camp yote, hapa kwetu kambini Nakivale, inajua sasa: dada yangu Kabanyana ni fundi wa usingizi. Si ule wa pombe, ule wa opereshoni. Zamani alilaza bagonjwa ba opereshoni ndogo. Sasa kule hospitali ya Mbarara banamuongezea masomo ya zile ngumu, za shingo na za batoto badogo. Alhamisi mwalimu atamupa mutihani, amuangalie akilaza mama mukwe wangu, mwenye rovu, uvimbe mukubwa wa shingo unaomubana pumzi. Nani alimupeleka kwa Kabanyana? Mimi. Musoni, aliyeoa dada mukubwa wa muke wangu, ana ng'ombe mingi kule Endiinzi. Dada wa hivi hana.

Jumatano, 5/3
Tuko Mbarara. Kabanyana amekataza mama mukwe kutia kitu mu tumbo kuanzia usiku. Nikamuuliza kama sheria hiyo ametunga mwenyewe. Akasema hapana kaka, ni utafiti, baganga balifuata bagonjwa maelfu, hapa hatubahatishi. Kifua changu kikapanuka. Nikarudilia maneno yale kwa mulinzi wa mulango, akaniita daktari. Sikukatala.

Alhamisi, 6/3
Asubuhi mama mukwe akasema Musoni hawezi kumuacha na njaa hivi. Musoni tena! Nikamuletea kikombe cha maziwa chini ya koti. Kwetu maziwa ni heshima, mukwe hanyimwi. Kabanyana alipouliza kama amekula, mama akaapa hapana. Lakini mudomo wa juu ulikuwa mweupe.

Kabanyana akasimamisha kila kitu mpaka kesho. Akaniita mujinga mbele ya mwalimu. Akaeleza: mutu akilazwa, maziwa yanapanda, yanaingia mu mapafu, anakufa. Sijui nani alimupigia Musoni simu. Alicheka mpaka ng'ombe zake zikainua vichwa.

Ijumaa, 7/3
Leo nilikaa inje, mulinzi akinichunga. Haniiti tena daktari. Mama akalala, rovu likatoka, akaamuka. Neno la kwanza, aliuliza ule mujinga iko wapi. Sauti nzima kabisa! Mwalimu akasema Kabanyana amefaulu, zaidi kwa vile jana alikatala kuanza. Sasa, nani alimupa nafasi ya kukatala? Mimi na kikombe changu. Nililia kidogo, kilio cha mwanaume.

Jumapili, 9/3
Nimerudi Nakivale. Nimeshuhudia kanisani, muda murefu. Kisha Musoni akanijia na adabu. Ana ugonjwa wa ngiri, anaomba nimupeleke kwa dada yangu. Nikakubali kama mukubwa. Ni njaa tu anaogopa. Nikamutuliza: maziwa mabichi hapana, yale yanapanda. Nimemuwekea ya kuganda. Yale ni mazito, yatakaa chini mu tumbo, fasi yao.