Jalidi Yetu Iachwe Ukutani

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wapangaji,

"Jalidi ikinenepa juu ya mabamba, ni kama umeyafunika blanketi: joto halipiti, na maji hayapati moto." Hayo aliyaandika fundi mitambo wa jengo letu katika toleo lililopita, nanyi mkayachapa bila hata kuona haya. Fundi huyo ni mdogo wa mume wangu. Kama shemeji, nampenda. Kama mwandishi, leo nitamnyoa bila maji.

Kwa wasiokaa kwetu: kila upande wa jengo una mabamba meusi ukutani, yanayofyonza joto la hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kulipeleka kwenye tangi la maji ya kuoga la upande huo. Alfajiri mabamba huota jalidi, ule ukoko mweupe wa barafu. Shemeji huzima mtambo, wapangaji wa ghorofa ya chini hukwangua kwa miko ya mbao, na sisi wengine tunasubiri, taulo mabegani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Blanketi, Ndugu Mhariri! Nani aliyewahi kujifunika blanketi akaganda? Nimefungua vitabu vingi kuliko nati alizokaza shemeji, na sijakutana na mtu huyo. Ikiwa jalidi ni blanketi, basi mabamba yetu yamelala vizuri, na anayeyafunua ni mkatili.

2. Shemeji mwenyewe alikiri mezani kwangu, mdomo umejaa, kwamba jalidi nyembamba haina neno. Chembe zake huweza hata kusaidia bamba kunasa joto kidogo. Tazameni mtu anavyojifunga kwa kamba yake! Kama nyembamba inasaidia kidogo, nene itasaidia sana. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akapaliwa. "Shemeji, chumvi kidogo hukoleza mchuzi. Sasa utamwaga pakiti nzima?" Mchuzi si ukuta.

3. Kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, nilifanya jaribio. Juzi jioni nilipanda ngazi na ndoo, nikayanywesha maji mabamba ya upande wetu. Asubuhi yalikuwa yamevaa barafu nene kama godoro. Kazi safi! Ila maji ya bafuni yalitoka baridi, jambo ninalolihesabu kuwa hujuma, maana ufunguo wa chumba cha mtambo anao fundi.

4. Mama mkwe, ambaye magoti yake na baridi hayapatani, alitoka bafuni akitetemeka. "Mkamwana, nimekukosea nini?" Nikamsihi avumilie, elimu haiji bure. Akachukua taulo lake na kuhamia kwa mwanawe mdogo. Sasa nasemwa ukoo mzima, na chanzo ni makala mliyoichapa!

Kwa hiyo ninyi wa ghorofa ya chini, jeshi la shemeji, nawaambia waziwazi: wekeni miko chini, jalidi inenepe kwa amani!

Salamu kwa wachapaji, kwa wasahihishaji, na hata kwa waliokwisha kucheka.

Wenu nisiyerudi nyuma,
Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu

N.B. Barua hii naimalizia kwa shemeji, nikimsubiri mama mkwe atoke bafuni ili nami niingie. Mabamba ya upande huu yamekwanguliwa, na mvuke unapenya hadi chini ya mlango. Mama anaimba humo ndani. Wapangaji wa ghorofa ya chini, msiiweke chini miko yote. Nileteeni mmoja, ule mpana.