Jicho la Boma na Mkwe Wake

Habari ilifika kijiweni Makwale asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kusokota kamba za migomba. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilikuwa vimepamba moto, wapagazi wanatoroka kila kukicha, na sasa boma limetoa amri: kila nyumba ichunguliwe, ijulikane nani analala humo. Aliyepewa kazi ya kuchungulia ni Hezroni, mwenzao wa hapohapo, na jina la Jicho alishapachikwa kabla hajaanza.

Lazaro, aliyekuwa akisokota pamoja nao, aliinamia kamba yake. Mdogo wake Yohana, aliyetupa mzigo wa risasi porini, alikuwa siku ya tatu amejificha nyumbani kwake, hatua chache nyuma ya kijiwe. Akionekana ni kamba shingoni, na mwenye nyumba ni kiboko. Wenzake hawakujua lolote, wakabishana kwa raha zao.

Asegelile aliitwa Hakimu, kwa kuwa aliwahi kukaa barazani pa boma siku mbili akisubiri kutoa ushahidi. Alisema amri hiyo ni kinyume cha sheria.

"Sheria ipi?" akauliza Ezekia, mpenda umbea waliyemwita Gazeti.

"Ya mlango. Kama serikali inataka kuona ndani, iseme tujenge bila kuta."

"Mdachi ana sheria ya mbwa, ya barabara, mpaka ya choo. Hiyo ya mtu kuachwa na mambo yake bado haijafika."

"Iko njiani."

"Basi wameibeba wapagazi, nao ndio hao wanaotoroka."

Wakacheka. Gazeti akatia chumvi kwamba kule Ipinda wanaandikwa hata wanaokoroma, na anayekoroma Kiingereza anafungwa. Lazaro naye alicheka, ila alichelewa.

Mara Hezroni akatokea na karatasi mkononi. Akasalimia, akasema ataanza na nyumba ya Lazaro.

"Karibu, mzazi mwenzangu," Lazaro akasema, na uongo ukamtoka bila kuufikiria. "Ila Tusekile yumo. Alikuja jana."

Tusekile ni binti yake, aliyeolewa na mtoto wa Hezroni. Na Mnyakyusa hatazamani na mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hezroni akageuka upesi, akaipa nyumba mgongo.

"Jicho, si mnakaa ua mmoja?" Gazeti akamchokoza. "Hukumwona akiondoka?"

"Nimwoneje? Tangu aolewe sijamtazama. Hata akihamia Ulaya sitajua."

Hakimu akapiga goti lake kwa furaha, akasema hiyo sasa ndiyo sheria, na boma lije kujifunza.

Ndipo kikatoka kikohozi ndani ya nyumba, kizito, cha mwanamume aliyelala porini wiki nzima. Kamba zikasimama mikononi mwa watu. Lazaro akatazama miguu yake, akajua amekwisha.

Hezroni hakugeuka. Aliandika kitu kwenye karatasi, taratibu, akaikunja.

"Sijawahi kusikia sauti ya mkwe wangu," akasema. "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo," Lazaro akajibu kwa shida.

"Mpe pole. Mwambie leo hii avuke mto Songwe, akapumzike ng'ambo kwa Mwingereza. Kesho nakuja na askari, na askari hana mkwe hapa."