Neva ya Ngisi na Maji ya Sukari

Jumatatu, 13 Januari 1964

Wavuvi wameleta ngisi wawili wazima, kila mmoja karibu urefu wangu. Mmoja wangu, mmoja wa mtafiti mwenzangu, Griselda Urzúa. Ngisi wake ni mnene zaidi. Kwa nini? Kwa sababu huwasalimia wavuvi na kuwauliza hali za wake zao. Ujanja mtupu!

Don Fermín, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa bahari, katangaza kwamba Ijumaa wageni watakuja kutoka Santiago. Mimi na Griselda tutawaonyesha jinsi neva inavyopeleka umeme, kila mtu na neva yake. Kazi ya kudumu hapa ni moja tu. Atakayewapendeza ataipata. Mwingine ashike njia. Njia yangu naijua: Quillota, duka la kofia la mjomba Abelardo. Ameshaniwekea kiti nyuma ya kaunta. Nimetafuna kucha zote za mkono wa kushoto.

Jumanne, 14 Januari

Nimeitoa neva. Uzi mweupe, mwembamba kama tambi. Nikaulaza kwenye sahani ya maji ya bahari, nikaunganisha nyaya. Umeme kidogo: kimya. Nikaongeza kidogo: kimya. Nikaongeza tena: tak! Kipaza sauti kikalia, mstari wa kijani ukaruka kwenye kioo cha mashine. Nilitaka kulia.

Lakini mstari wa Griselda unaruka vilevile. Kwa hiyo nikaongeza umeme. Urefu uleule. Nikaongeza. Uleule! Don Fermín akapita, akaniambia neva si punda wa kuchapwa ili akimbie zaidi. Umeme ukifika kiwango chake, inajibu kwa nguvu zake zote. Usipofika, haijibu kabisa. Akaniuliza nimesoma miaka mingapi.

Mzee wa watu, ameanza kuwa mwoga. Alipotoka tu nikazungusha kitufe hadi karibu na mwisho. Harufu ya kuungua. Kimya cha moja kwa moja.

Nyama ya ngisi, kama kawaida, imeishia kwenye sufuria ya Doña Orfelina, mpishi wetu. Nimekula bakuli tatu kwa huzuni.

Jumatano, 15 Januari

Situlii. Nimezunguka kituo mpaka Doña Orfelina kaniuliza kama nina minyoo.

Wakati wa chai ya jioni Griselda alikuwa anamweleza Doña Orfelina kazi yetu. Mimi nilijifanya napaka parachichi kwenye mkate. Alisema ndani ya neva kuna potasiamu nyingi, na nje kuna sodiamu, ile ya chumvi ya bahari. Kati yao kuna ukuta wenye milango midogo. Neva ikiguswa vya kutosha, milango inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, na ndani palipokuwa hasi panageuka chanya. Kisha potasiamu inatoka, utulivu unarudi. Lakini kipande cha jirani kimeshashtuka, nacho kinafungua milango yake, hivyo hivyo hadi mwisho wa uzi.

"Kumbe kama umbea wa hapa kijijini, mwanangu," Doña Orfelina akasema. "Nyumba moja ikifungua mlango, ya pili nayo inafungua."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata wazo! Bila sodiamu nje, neva haisemi kitu. Na kabatini kuna maji ya majaribio ya Don Fermín: hayana chembe ya sodiamu, yamewekwa sukari mahali pa chumvi. Kwa macho, huwezi kuyatofautisha na maji ya bahari.

Ijumaa, 17 Januari

Asubuhi, kabla ya wote, nimemwaga maji ya bahari yaliyokuwa kwenye chupa ya Griselda. Nikajaza ya sukari. Nikaifuta chupa kwa shati langu, kwa ushujaa.

Wageni wakafika, viatu vinang'aa. Nikaanza mimi, na neva mpya ya ngisi walioletwa jana. Tak! Wakatikisa vichwa, wameridhika. Ningeweza kuishia hapo. Lakini bibi mmoja wa mbele akapiga miayo! Nikazungusha kitufe. Nikazungusha tena. Moshi ukapanda, neva ikanyamaza, Don Fermín akafumba macho.

Zamu ya Griselda. Umeme: kimya. Akaongeza: kimya. Jasho likamtoka. Furaha niliyokuwa nayo sitaificha hapa, hili ni daftari langu.

Kisha akachovya kidole kwenye sahani, akalamba. Akanitazama. Nikatazama dari.

"Mabibi na mabwana," akasema taratibu, "neva hii haijafa. Nje hakuna sodiamu, basi haina cha kuingiza."

Akamwaga maji yale, akateka mengine kwenye ndoo iliyotoka baharini. Akangoja kidogo, akabonyeza. Tak! Akarudisha ya sukari: kimya. Akarudisha ya bahari: tak! Wageni wakasimama kupiga makofi. Mzee mmoja akauliza nani alibuni kuanza na kimya.

"Maji ya sukari aliyaandaa mwenzangu Nibaldo," Griselda akajibu.

Wakanipigia makofi na mimi.

Nje, penye majabali, aliniambia kwa sauti ya chini: "Nibaldo, kaka yangu, nimekuokoa mara moja. Usinifanye nijute."

Kazi amepata yeye. Don Fermín kasema mimi nitabaki kama msaidizi wake, niandae maji na kuosha sahani, kwa kuwa yaonekana maji nayaweza. Siendi Quillota!

Jumamosi, 18 Januari

Nimewaza sana. Kwa nini Griselda aliniokoa? Jibu ni moja: ananiogopa.

Na kosa la jana nimeligundua. Halikuwa kitufe hata kidogo. Ni chumvi! Kama chumvi ya bahari tu iliamsha neva yake, chumvi nyingi je? Jumatatu wanakuja wageni wengine, kutoka Concepción. Mstari wangu utagonga dari.

Kwa hiyo nimechukua gunia la chumvi la Doña Orfelina, nikalimimina lote kwenye tangi alimo ngisi mpya wa Griselda aliyeletwa juzi, wa mwisho tuliyebaki naye. Doña Orfelina anapita akiuliza chumvi yake iko wapi. Sijui lolote.

Ngisi ameanza kubadilika rangi. Bila shaka ni furaha.