Limi binti Maganga na Vita vya Uji wa Moto

Sogeeni, enyi mnywao hadharani nanyi mnywao nyuma ya mlango, mpate habari za Limi binti Maganga, Simba Jike wa Samuye, Mwoteshaji wa Mtama Gizani, ambaye zama dhahabu ilipowatoa watu mashambani alifungua pale Nyarugusu duka la kimea, mitungi na vyombo vya kuchujia pombe, duka ambalo jicho la mwanadamu lilikuwa halijapata kuliona.

Nalo jicho lilipoliona likapita zake, kwani kila mwanamke alijioteshea kimea chake kama mama yake. Mteja wa kwanza akawa Mama Melania, Malkia wa Vyungu, ambaye pombe yake iliwahi kumlaza nyapara pamoja na kofia yake. Alinunua, akaenda, akarudi na chungu kichwani, nyuma yake jeshi la wachimbaji wenye kiu.

“Kimea chako maiti,” akanguruma. “Pombe imelala tu, haifurukuti. Funga duka, binti, urudi ukalime kwa shemeji yako.”

Limi alimjua shemeji yule, na jembe lake.

“Shikamoo kwanza, mama. Ulikimwaga uji ukiwa moto?”

“Marahaba. Mimi nafundishwa kupika na mtoto wa jana?”

Basi Limi akapika uji wa mtama mbele ya majeshi yote, akauepua, kisha akatenda tendo lililowashinda mashujaa wengi: akakaa. Uji ukafuka kama mji uliotekwa, yeye akakaa. Jilala mchimbaji, mwenye koo kavu kuliko shimo lake, akalalama, “Mwaga, dada, tunakufa macho wazi.”

“Kufa polepole, kaka. Uji bado unauma, utakiua kimea.”

Akachovya kidole, akakitoa mbio. Akangoja, akachovya tena, kidole kikakubali. Ndipo akamwaga kimea, akakoroga, akafunika.

Siku ya kunywa chungu kilitoa povu na kunong'ona. Mila ikadai haki yake: mpishi aonje kwanza, watu waone kama ataanguka. Limi akainua kata, akanywa hadi chini. Shingo zikanyooka toka Nyarugusu hadi Buseresere. Akapiga mbweu, mbweu yenye cheo, iliyostahili kupigiwa mizinga, na majeshi yakakivamia chungu.

Mama Melania akanywa kata tatu ili kuhakikisha, akafuta mdomo.

“Ile yangu aliikoroga mume wangu. Mtu wa pupa yule. Haya, nipimie kimea.”

Mume mwenyewe, aliyekuwa Biharamulo tangu masika, hakupata nafasi ya kujitetea. Limi akapima, akajaza hadi kikamwagika. Na hivyo ndivyo duka lile lilivyouza kwa mara ya pili. Wenye kalamu waandike. Wasio na kalamu, kunyweni.